Uso Uliochoka Si Uso Wenye Wasiwasi

SWALI: Shikamoo. Naandika hadithi ya baba anayesubiri habari za mwanawe mgonjwa. Kila mara najikuta naandika "uso wake ulionyesha uchovu na wasiwasi". Mwalimu wangu huipigia mstari mwekundu. Niandikeje?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako ana haki. Sentensi hiyo inamhukumu baba kabla msomaji hajamwona.

Anza kwa kutenganisha mambo hayo mawili. Uchovu hulegeza, wasiwasi hukaza. Aliyechoka kope humwelemea, mashavu yamelegea, ukimuuliza jambo hukawia kujibu. Mwenye wasiwasi hukunja ndita, hutafuna mdomo wa chini, na macho hayatulii. Mlango ukilia tu, ameshageuka.

Ili uone uchovu na wasiwasi vikikutana katika uso mmoja, itazame ile picha maarufu ya mama mhamiaji aliyoipiga mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange huko California mwaka 1936. Paji la uso lina mikunjo, vidole vimegusa shavu, macho yanatazama mbali, wala si kwenye kamera. Watoto wawili wamemwegemea, wamegeuza nyuso. Mama huyo alikuwa na miaka 32 tu! Na hana chozi hata moja. (Waandishi chipukizi mnapenda mno machozi.)

Kwa baba yako chagua alama mbili, usimwage zote. Mfano: "Aliitazama simu, akaifunika kifudifudi, kisha akaigeuza tena. Chai ilikuwa imeshapoa." Uso wenyewe sijautaja.

Na "macho yaliyojaa huzuni", tafadhali, yafute.