Mbona Mwanza hatuna sherehe ya siku ya mchana na usiku kulingana?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Wairani wana Nowruz, sikukuu yao ya mwaka mpya, mwezi Machi, mchana na usiku vinapolingana, na sisi Mwanza hatuna kitu. Sababu ni jua lenyewe. Tehran mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa karibu saa 5, kwa hiyo badiliko wanaliona. Sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Tofauti yetu haifiki hata nusu saa. Mwaka wetu tunausoma kwenye mvua: masika, kiangazi, vuli.

Lakini tuna kitu ambacho Tehran hawakipati kamwe: jua la utosini. Mwanza ni kama Machi 14, kisha Septemba 29 hivi. Hiyo Machi, simika fimbo wima ufukweni ikikaribia saa 7 mchana uone kivuli kinavyotoweka. Walimu, tafadhali, watoeni watoto nje siku hiyo!

Na asili ya Nowruz imefika kwetu pia, ila pwani: Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar. Kalenda yake haiongezi siku kila miaka 4, hivyo tarehe husogea polepole, ndiyo maana sasa huangukia Julai.