Alana S. Portero hakuanza na riwaya

Ndugu, umeuliza kama Alana S. Portero, mwandishi wa Hispania ambaye ni mwanamke aliyebadili jinsia, aliibuka ghafla mwaka 2023 kwa riwaya yake La mala costumbre. Hapana. Kabla ya hapo alikuwa amechapisha mashairi na kufanya kazi ya jukwaani, akiwa mtunzi na mwongozaji wa tamthilia katika kikundi cha STRIGA, ambacho yeye ni mmoja wa waanzilishi wake. Alizaliwa Madrid mwaka 1978, akasomea historia ya zama za kati.

Riwaya yenyewe inamfuata msichana ambaye watu humwona mvulana, akikulia San Blas, mtaa wa wafanyakazi jijini Madrid ulioumizwa sana na heroini katika miaka ya 1980. Mwandishi naye alikulia huko, ingawa nakusihi usiisome kama tawasifu. Ninachokithamini zaidi ni namna anavyowatazama majirani, hasa wanawake maskini na wale waliobadili jinsia kabla yake, kwa upole na heshima ya mshairi. Ukimaliza riwaya hiyo, yatafute na mashairi yake.