Ile 'd ya "I'd been" na "she'd gone" unaposimulia yaliyokukuta

Mkuu, umeuliza mambo mawili: hiyo 'd ni "had" au ni "would", na ukiwa unamsimulia mtu mambo uliyopitia, uiweke wapi. Nakujibu kwa uzoefu. Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na Kiingereza changu kimekomaa zaidi kwenye hema la chakula kuliko darasani. Jioni, mkishakula, wageni wanapiga stori za safari zao, na hiyo 'd haikosekani.

Naanza na swali lako la pili, maana ndilo linalowatesa hata waliosoma sana. Wewe ukichelewa gari unasema, "Nilipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka." Yote mawili yamepita, ila kuondoka kwa basi kulitangulia kufika kwako. Mwingereza naye anasema, "When I got to the stand, the bus had left." Akishalitaja basi tayari, anafupisha: "it'd left." Basi "nilikuwa nimeona" ni "I'd seen", "walikuwa wamekula" ni "they'd eaten", na "nilikuwa sijawahi kufika" ni "I'd never been". Mwalimu anaiita "past perfect" na wanafunzi wanaogopa, kumbe muundo huo tunao nyumbani siku zote.

Lakini hapa pana mtego ambao sijaona vitabu vingi vikiueleza kwa upande wetu. Si kila "alikuwa ame-" ni "he'd". Ukisema "alikuwa amevaa koti jekundu", unaeleza alivyoonekana, na Kiingereza chake ni "he was wearing a red jacket". "Alikuwa amechoka" ni "he was tired". "Alikuwa amelala" ni "he was asleep". Vitenzi vyetu kama kuvaa, kuchoka, kulala, kukaa na kusimama, vikiingia -me-, mara nyingi vinataja hali aliyo nayo mtu. Namna ya kupima ni hii: tia -sha-. Ukisema "alikuwa ameshavaa koti" na maana uliyoikusudia haijabadilika, andika "he'd put on his jacket". Ikibadilika, achana na 'd. Kipimo hiki nawapa vijana wote wanaojiandaa kuwa waongozaji, na kinawasaidia kuliko kukariri kanuni.

Sasa ione ikifanya kazi. Chukua stori ya aina ninayoisikia tukisharudi kambini kutoka kileleni: "I'd never been above 3,000 metres, and I'd been training for months, so when we reached Uhuru Peak I just cried." Stori yenyewe ni mbili tu: tulifika, nikalia. Hizo ndizo "reached" na "cried", za kawaida kabisa. Yale mawili yenye 'd ni mambo ya nyuma yanayoeleza kwa nini mtu mzima alie akifika mita 5,895. Msimuliaji amesimama kileleni, akageuka kuangalia alikotoka, kisha akaendelea na stori yake. Kazi ya 'd ni hiyo tu. Ukiishaeleza ya nyuma, rudi kwenye "we took photos, we went down, we slept". Anayeandika "we'd taken, we'd gone down, we'd slept" mpaka mwisho anamfanya msikilizaji asubiri tukio kuu ambalo haliji.

Kosa jingine lililozagaa huku kwetu ni kudhani "had" ni ya zamani sana. Mtu anaandika "Last year I had gone to Mombasa", anaweka nukta. Hapana. Kama hakuna tukio jingine la baadaye la kulinganisha nalo, sema "I went to Mombasa". Tanganyika ilipata uhuru 1961, na bado ni "got independence in 1961". Kwa upande mwingine, mambo ya leo asubuhi yanaweza kabisa kuchukua 'd: "I'd already made tea when you called."

Kwenye "had" au "would", angalia kitenzi kinachofuata. Kikiwa umbo la tatu, yaani gone, seen, taken, been, hiyo ni "had". Kikiwa umbo la kwanza, ni "would": "I'd see". Sentensi moja inabeba zote mbili: "If I'd known, I'd have told you", yaani ningejua ningekuambia. Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Vichache vina umbo la kwanza na la tatu linalofanana, kama come, run, put na cut, hivyo "they'd come early" inaweza kuwa walikuwa wamekuja mapema au walikuwa na kawaida ya kuja mapema. Hapo stori yenyewe ndiyo itakuambia. Na "I'd better go" ni "had" ingawa kinachofuata ni go. Hiyo ichukue ilivyo.

Kwa sikio, usihangaike kuitafuta hiyo d. Kwenye "I'd told" au "she'd taken" inamezwa na t inayofuata, na sisi masikio yetu yamezoea silabi zinazoishia na irabu. Daka kitenzi: ukisikia gone au seen, jua "had" imepita. Vitenzi vya -ed havikupi msaada huo, kwa hiyo sikiliza already, never, just na by the time. Ukitamka mwenyewe, usiiongezee irabu ikawa "aidi". Unganisha moja kwa moja na neno linalofuata.

Kuandika nako kuna mambo yake. Apostrofi usiiache, maana "we'd" bila apostrofi ni "wed", kufunga ndoa, na "she'd" inakuwa "shed", banda. Jibu fupi halifupishwi: "Yes, I had", kamwe si "Yes, I'd". Kukanusha, tumia "hadn't". Baada ya jina la mtu andika "Juma had left" hata kama ukiongea unaikata. Na barua ya kuomba kazi au insha ya mtihani, andika "had" kamili. 'D ibaki kwenye meseji na maongezi.

Kama una safari yoyote unayotaka kuisimulia kwa Kiingereza, iweke hapa chini, hata aya moja, tuipitie mstari kwa mstari.