Mbwa Wako Hana Kiburi, Anakumbuka Fimbo

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mbwa wangu nikimwita anakimbilia uvunguni mwa gari. Nimemchapa mpaka nimechoka, bado ana kiburi. Nifanyeje?" Nikasoma mara mbili, nikaweka simu chini. Miaka sita iliyopita ujumbe huo ningeuandika mimi.

Nilikuwa na Chui, koko tuliyemwokota mtaroni bado mdogo. Mbwa mwerevu, alijua mlio wa pikipiki yangu tangu iko kona ya dukani. Kosa lake lilikuwa moja tu, viatu. Nikirudi kazini nakuta ndala imetafunwa, namwita kwa sauti tamu kabisa, "Chui, njoo, njoo baba." Akija, namshika shingo, namwonyesha ndala, namcharaza fimbo mbili tatu. Alivyokuwa akiinamisha kichwa na kufyata mkia! Nikawa natamba kwa majirani kwamba mbwa wangu anajua alichokosea.

Hakuwa anajua lolote. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio ambapo mbwa walikatazwa biskuti, kisha wenye mbwa wakatolewa chumbani. Ule uso wa kujutia ulitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, awe kaila biskuti au hakuigusa. Mbwa anasoma uso wako wewe, hasomi dhambi zake.

Ndala Chui aliitafuna saa nne asubuhi, fimbo ikaja saa kumi na mbili jioni. Kilichotangulia fimbo ni kuitwa, naye akaja. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi: "njoo" ina fimbo ndani yake. Nilimfundisha kwa miezi, kwa bidii, asije.

Jumapili moja geti likaachwa wazi. Chui akafika hadi kwenye lami. Nikamwita. Alinitazama, masikio yakalala, akageuka kukimbilia ng'ambo. Gari lilikuwa linakuja. Mwanangu hakunisemesha siku mbili, na sikumlaumu.

Miaka miwili sikufuga. Walionirudisha, usicheke, ni panya. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, watu wa shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hakuna anayemchapa panya. Akipatia, anasikia mlio mdogo, "tik", halafu anapewa chakula, ndizi kwa mfano. Mlio unamwambia ni kitendo kipi hasa kimemletea chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, alinusa mabomu Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza. Panya! Nami nilishindwa na mbwa.

Nikachukua mbwa jike mdogo, nikamwita Dogo. Mfukoni nikaweka dagaa wakavu (mke wangu alilalamikia suruali zangu mwaka mzima). Nilianza kumwita pale tu alipokuwa tayari anakuja kwangu, mara moja, bila kurudia rudia. Akifika, dagaa mdomoni palepale, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, umelipia kitu kingine. Tulianzia uani, baadaye nje ya geti. Nikitaka kumwogesha au kumfunga, namfuata mwenyewe, simwiti. Na viatu nikaviweka juu ya kabati, jambo ambalo lingemwokoa Chui kwa shilingi sifuri.

Ndugu zangu, fimbo ni uvivu. Tunapenda kusema mbwa wetu wakali, wabishi, wana vichwa vigumu, kumbe sisi ndio tunaokasirika saa kumi na mbili kwa jambo la saa nne. Mlipe anapopatia, palepale. Nasema tena, palepale.

Jumamosi iliyopita Dogo alichomoka getini akimfukuza mbuzi wa jirani, kuelekea lami ile ile. Magoti yaliniisha nguvu. Nikaita mara moja. Akasimama, akageuka, akaja mbio ulimi nje, akakaa mbele yangu akisubiri malipo. Sikuwa na dagaa. Nilimpa nyama yote ya chakula changu cha mchana, na nilitembea kifua mbele hadi jioni.

Kwa hiyo kaka, kwako ushauri ni huu: neno unalomwitia mbwa wako limeshaharibika, liache. Chagua jipya ambalo halijawahi kuambatana na fimbo, uanze upya na dagaa. Dogo namwita kwa "haya". "Njoo" silitumii tena kwa mbwa yeyote.