Re: Aprikoti kavu za kahawia, zimeharibika?

Dada umeuliza kama hizo aprikoti kavu za kahawia ulizonunua sokoni Darajani zimeoza, wala usizitupe, khasa hizo ndo nzuri! Zile za rangi ya chungwa zinang'aa kwa sababu zimetiwa salfa, dawa ya kuzihifadhi rangi, na mwenye pumu zinaweza kumbana kifua. Nyingi zatoka Uturuki, huko Malatya. Mie huzirowesha maji ya vuguvugu mpaka zilainike, nazichuja, nazitwanga kinuni na tende na korosho za kukaanga, natia hiliki kidogo tu, halafu naviringa vidonge vidogo vidogo nagaragaza kwenye nazi kavu ya kukunwa. Sukari usitie kabisa, utamu wake watosha. Watoto wakirudi chuoni (madrasa) wanavigombania. Ila usile nyingi kwa mara moja, zina nyuzinyuzi nyingi tumbo litaendesha.