Mjomba katoka jeshi la Marekani, je anaweza kumpa Neema haki yake ya kusomeshwa?

SWALI: Anti shikamoo. Mdogo wangu wa kiume alipata Green Card akaenda Marekani, akaingia jeshini miaka minne na nusu, katoka kwa heshima 2021, saa hizi yuko Texas anaendesha lori. Anasema ana haki ya kusomeshwa chuo bure na hajaigusa. Binti yangu Neema kamaliza form six, mjomba wake anataka ampe yeye hiyo haki asome hapahapa Moshi. Kuna kaka wa stationery hapa mjini anataka laki mbili ajaze fomu, nimpe?
Mama Neema, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba Mama Neema. Usimpe, hata elfu kumi usimpe. Fomu inaitwa 22-1990, iko kwenye tovuti ya VA, ile wizara yao ya wanajeshi wa zamani, ni bure na anajaza mdogo wako mwenyewe hukohuko aliko, tena wanataka mpaka akaunti yake ya benki, sasa mambo hayo unampaje mtu wa stationery?

Kuhusu Neema najua utaumia lakini bora nikwambie wazi, haiwezekani. Hiyo haki ni Post-9/11 GI Bill, ilianza Agosti 2009, na mwanajeshi anaruhusiwa kumhamishia mwenzi wake au watoto wake wa kuwazaa au wa kuasili, mpwa hayumo. Na hata hao lazima aombe akiwa bado jeshini, awe katumikia miaka 6 na akubali kuongeza 4. Huku Uchagani mjomba kumsomesha mtoto wa dada yake hakuna anayeshangaa, ila sheria yao haimtambui mjomba.

Sasa jamani, mdogo wako mwenyewe asome! Hapo ndo naomba umpigie leo leo. Aliyetumikia full time miezi 36 au zaidi anapata asilimia 100, yaani akiingia chuo cha serikali ada yote VA wanalipa moja kwa moja chuoni, anapewa ya vitabu mpaka dola 1,000 kwa mwaka, na kila mwezi anapata hela ya pango kulingana na eneo la chuo, kama bumu la wanafunzi wetu vile ila hii hairudishwi. Miezi ya kusomeshwa ni 36, na kwa vile mwaka wa masomo ni kama miezi 9 hapo digrii nzima inaisha. Ajue tu likizo hela ya pango haiingii so aweke akiba mapema, akisoma online tupu inashuka sana, na akiacha somo katikati wanaweza kumdai walichokwisha kulipa. Deadline hana, sheria ya 2017 iliwaondolea ukomo wa miaka 15 wote waliotoka kuanzia Januari 1, 2013.

Akitaka kurudi kusomea nyumbani inawezekana pia, ila chuo na kozi yake ya digrii lazima viwe vimeidhinishwa na VA, kwa hiyo atafute jina la chuo kwenye GI Bill Comparison Tool, ile sehemu ya tovuti ya VA ya kutafutia vyuo, asikate tiketi kabla hajaliona.

Neema aende Bodi ya Mikopo, na asisubiri dirisha lifunguliwe, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA sasa hivi maana wengi wanakwama hapo wiki ya mwisho. Na mjomba mwambie atafute ile karatasi yake ya kutokea jeshini, DD214, aiweke karibu kabla hajaanza kujaza chochote.