Hasara Ile Ilikuwa ya Nani?

Mwezi wa tatu mwaka 2014 nilikaa juu ya gunia tupu pale soko la Ilala, Dar es Salaam, nikiwatazama makuli wakimwaga viazi vyangu. Vilikuwa vinatoa maji. Joto la Dar lilikuwa limenikaba, nami nimetoka Mbeya na sweta, nimelifunga kiunoni kama mtu aliyekuja matembezi. Dalali alinitazama mara moja akasema, "Pole mama, ndiyo biashara," kisha akaenda kupokea gari lingine.

Hesabu ya safari ile naikumbuka mpaka leo. Magunia 60 kutoka Isongole, kila moja nimelinunua shilingi 38,000. Usafiri 9,000 kwa gunia. Kupakia, kushusha, kamba, ushuru na vijigharama vingine, 2,500. Jumla nilitoa 2,970,000. Nikauza magunia 41 kwa wastani wa 45,000, mengine 11 nikayauza kwa bei ya kutupa, 12,000 kila moja, na manane ndiyo hayo yaliyomwagwa. Dalali alipochukua chake, mkononi nilibaki na 1,873,000. Karibu milioni moja na laki moja ilikuwa imekwenda, na katika ule mtaji, milioni moja na nusu ilikuwa mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana.

Nilirudi Mbeya na basi la usiku. Mume wangu aliponiuliza nikamjibu, "Mungu hakupanga." Jirani alipouliza, jibu likawa lile lile. Nililitumia jibu hilo karibu miezi miwili, na lilikuwa tamu, maana likishasemwa hakuna anayeuliza swali la pili.

Aliyenivuruga ni kaka yangu, fundi wa magari pale Mabatini, mtu asiyejua kubembeleza. Siku moja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Dada, gari likizimika njiani mimi sisemi Mungu hakupanga. Nafungua boneti." Nilikasirika. Usiku nikachukua daftari la shule la mtoto, nikapiga mistari miwili kwenye ukurasa, nikapata safu tatu: Yangu, Ya Watu, Ya Mungu. Nikaanza kugawa ile hasara, kipande kwa kipande.

Mvua niliiweka kwa Mungu bila kubishana. Gari lilituharibikia Ilula, kabla hatujashuka mlima Kitonga, tukalala pale siku mbili na nusu tukisubiri kifaa. Hiyo niliiweka kwa watu, maana baadaye utingo aliropoka kwamba dereva alijua tangu Uyole, tukiwa bado Mbeya, kuwa giaboksi inasumbua. Mpaka hapo roho yangu ilikuwa safi.

Halafu nikaendelea. Viazi vilichimbwa mvua ikinyesha, udongo umeganda, nami nilikuwepo shambani nikasema "pakia tu, vitakaukia njiani". Hiyo ni yangu. Ganda lilikuwa bado changa, ukipitisha kidole linachubuka. Kila mkulima wa milima ya Uporoto anajua kwamba majani hukatwa kama wiki mbili kabla ya kuvuna ili ganda likomae, na mimi sikuuliza kama yalikatwa, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi bei. Yangu. Tulipolala Ilula, turubai lilikuwa limefungwa kote kama zawadi ya harusi, viazi vinajipika vyenyewe kwa joto lao, nami nimekaa kivulini nanunua nyanya za bei rahisi za watu wa pale. Yangu tena. Na bei? Nilikuwa nimeiandika kwa Mungu, nikaifuta. Siku tuliyofika, mzigo wa Njombe ulikuwa umeingia kabla yetu. Kupiga simu moja Ilala kabla ya kununua kungenigharimu vocha ya mia tano.

Kisha kuna lumbesa. Msomaji ambaye hajawahi kununua viazi vya kwetu pengine amewahi kuiona barabarani bila kujua jina lake: gunia limejaa mpaka mdomoni, kisha juu limeshonewa kilemba cha neti, linasimama kama mtu aliyevaa kofia. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Langu lilizidi, na lilizidi sana. Kwa mkulima nilijiona mjanja, nanunua gunia moja na robo kwa bei ya gunia moja. Ila viazi vya chini vilibeba uzito wa wenzao kwa kilomita zaidi ya mia nane, vikapasuka, na vilivyopasuka ndivyo vilivyoanza kuoza na kuambukiza vingine. Ujanja wangu uliniozea mwenyewe. Tangu mwaka ule sinunui lumbesa. Wapo wanaonicheka, na kusema kweli wapo wanaopata faida kubwa kuliko mimi kwa lumbesa hiyo hiyo. Mimi nimekataa.

Nilipomaliza, safu ya Yangu ilikuwa imejaa mpaka chini, Ya Watu ina mistari miwili, Ya Mungu ina mmoja. Ungetegemea nilie. Badala yake, kwa mara ya kwanza tangu Ilala, nililala usingizi. Kama hasara yote ni ya Mungu, safari ijayo naenda kufanya nini sokoni zaidi ya kuomba? Ikiwa nyingi ni yangu, basi kuna vitu vya kurekebisha, na vingine nilivirekebisha wiki ile ile.

Kuna upande wa pili ambao nauona kwa vijana wa siku hizi. Niliwahi kulipa elfu thelathini nikaenda semina ya ujasiriamali kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Msemaji, kijana mtanashati, alituamuru tusimame tupige kelele "mimi ni bilionea" mara tatu. Mama mmoja muuza dagaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mwenzangu, mimi nataka kodi ya mwezi huu tu." Tulicheka mpaka tukatazamwa. Lakini kilichonisumbua si kelele zile. Msemaji alisema kila anayefeli amefeli kwa fikra zake. Kila kitu kiko kwenye safu ya Yangu, safu nyingine zimefutwa. Sasa mwambie hivyo kijana ambaye mahindi yake yamekauka kwa ukame, au aliyeibiwa pikipiki ya watu. Atajibebesha na mvua, na wezi, na bei ya mafuta, mpaka mgongo ukatike. Nimeona wawili waliovunjika namna hiyo, na mmoja mpaka leo hataki kusikia neno biashara. Kwa hiyo ukichora safu zako, usizionee aibu zile mbili nyingine. Cha Mungu mwachie Mungu. Cha watu kaa nao mkadaiane.

Nirudi kwenye aibu, maana nadhani inaua biashara nyingi kuliko hasara yenyewe. Baada ya Ilala nilianza kupita njia za uchochoroni ili nisikutane na wanakikoba. Alhamisi ya kikao nikawa naumwa kichwa. Alhamisi ya pili, tumbo. Ya tatu mwenyekiti alikuja nyumbani. Nilimkaribisha nikijua nimekwisha. Akanywa chai, akauliza habari za watoto, halafu akasema taratibu, "Mama, hela tunajua haipo. Inayotuumiza ni wewe kutoonekana. Mtu asiyeonekana tunamwandika mwizi." Alhamisi iliyofuata nilikwenda na daftari langu, nikasoma hasara mbele ya wanawake 22, safu kwa safu. Waliguna kwenye lumbesa. Kisha wakanisogezea marejesho kwa miezi minne.

Ningekwenda mapema ningeokoa kitu kingine, maana katika siku zile za kujificha nilikuwa nimeshaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku. Mnaoijua mnajua. Laki mbili, unarudisha elfu kumi kila siku kwa siku 26, na siku usipokuwa nayo anakuja binti na kitabu anasimama mlangoni mpaka majirani watoke nje. Nilikopa ya pili kulipa ya kwanza. Sitasema mengi hapa, bado inaniuma. Nitasema tu kwamba moyo wa mtu anayelipa elfu kumi kila jioni hauwezi kupanga jambo la mwezi ujao, hata ungemfundisha fikra gani. Kabla hujafika huko, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inataka kikundi kilichosajiliwa, na ina zungushazungusha yake, nenda rudi, barua hii, muhuri ule. Zunguka tu.

Mtu aliyenifundisha kusimama tena hakuwa na daftari wala semina. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, kuna mama mmoja tuliyemzoea pale, muuza nyanya na vitunguu, aliyepoteza kila kitu, meza, mizani, hata viatu vyake vya kubadilisha. Siku ya tatu tulimkuta amekaa chini pembeni ya barabara na beseni limejaa nyanya. Wengine wakasema ana moyo wa chuma. Miaka minane baadaye, nikiwa kwenye shimo langu, nilimwendea nikamuuliza moyo ule aliutoa wapi. Akanishangaa. "Moyo gani? Nyanya zilikuwa mali kauli, nachukua leo nalipa nikishauza. Wakulima walinijua, miaka yote sijawahi kuwazungusha hela yao. Wakaniletea wenyewe."

Nililirudia jibu lile kichwani njia nzima kutoka Mwanjelwa hadi Uyole. Mali kauli haiombwi siku ya moto. Inawekwa miaka kabla, pale unapomlipa mkulima siku uliyosema, pale gunia likiwa pungufu unamwambia, na likiwa limezidi pia unamwambia. Nilijipima nikaona kwa lumbesa zangu hakuna mkulima wa Isongole ambaye angeniletea hata debe moja la mali kauli. Nilikuwa na wateja na nilikuwa na wauzaji, lakini sikuwa na akiba kwa mtu yeyote.

Basi nikaanza upya kwa magunia mawili, nikiuza kwa sado, kile kindoo cha kupimia, na kwa mafungu. Faida ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Ila nikiwa pale chini nilianza kuwasikia wakaanga chipsi, watu ambao nilipokuwa mtu wa lori la Fuso sikuwahi kuongea nao. Mwezi wa saba mmoja alinirudishia viazi kwa hasira: "Dada, vyako vinaungua! Chipsi nyeusi nani atakula?" Zamani ningemjibu akaangalie jiko lake. Nikaandika. Wa pili akalalamika, nikaandika. Siku nyingine nikamuuliza mtaalamu mmoja wa kilimo, akanieleza kwamba kiazi kikikaa kwenye baridi kali wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua kwenye mafuta. Na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai mnaijua, usiku vidole havikunjiki. Nikahamishia viazi chumba cha ndani, karibu na jiko, gizani ili visiwe kijani, na vile vilivyokwisha kupata baridi nikawa naviweka humo wiki mbili kabla ya kuviuza. Nikachagua vikubwa, vikavu. Ndani ya mwaka nilikuwa nalisha mabanda 14 kuanzia Kabwe mpaka Mafiati, nao wananilipa jioni ile ile. Lile lalamiko la chipsi nyeusi ndilo lililorudisha mtaji wangu, na ningelipuuza kama nisingekuwa na tabia ya kuandika.

Kuhusu parachichi, kwa kuwa kila mtu ananiuliza: ndiyo, Rungwe na Njombe watu wanapata hela, nami nina miche michache ya Hass nyuma ya nyumba. Lakini mti ule unataka kama miaka mitatu kabla hujaonja kitu, na mwenye marejesho ya kila wiki hawezi kuusubiri. Uvumilivu nao una bei yake. Hesabu kwanza kama unayo.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Iringa, amekula hasara ya vitunguu, uso umemshuka. "Kamwene, mama mdogo," akasalimia, kisha akakaa kimya mpaka uji ukapoa. Nikampa kalamu na daftari, nikamchorea mistari miwili, nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa amejaza Ya Watu ukurasa mzima. Sikumwambia kitu. Asubuhi nilikuta amefuta mambo matatu na kuyahamisha.

Daftari langu mimi sasa ni la saba. Kesho alfajiri nakwenda Isongole. Majani yalikatwa siku 15 zilizopita, nimeyaona mwenyewe. Jioni hii nimepiga simu Ilala, wakaniambia magari manne ya Njombe yako njiani. Nilikuwa nimepanga magunia 40. Nitapakia 20, mengine yatasubiri wakaanga chipsi wangu.